Kamera Kila Mtu Anayo, Mpiga Picha Yuko Wapi?

Mfyuuu! Nasonya, wanakijiwe, na leo msiniambie nipunguze munkari. Kuna mama hapa mtaani anazunguka nyumba kwa nyumba akiulizia kama yupo jirani aliyepiga picha kwa simu siku ya harusi ya binti yake. Harusi ile ilikuwa na mpiga picha wa kulipwa, kamera inaning'inia shingoni, na kijana mwingine nyuma yake kashika taa. Baba wa bibi harusi ameshatangulia mbele za haki. Picha zake akimtoa binti yake ndani hazipo. Mpiga picha alimaliza shughuli usiku wa manane, akarudi kwake akalala, kesho yake akawahi kipaimara cha watu, akaifomati memori kadi akidhani keshahamisha picha. Hakuwa amehamisha kitu.

Jamani, harusi hairudiwi. Chakula kikipungua watu watasema wiki mbili, yatapita. Ila yule baba hatasimama tena mlangoni kwake na kanzu yake mpya, na mjukuu atakayezaliwa hatauona uso wa babu yake siku ile.

Lawama ni ya kijana, hilo sibishi. Lakini nimeulizauliza pale nyumbani kwao na majibu yamenichoma. Aliyemleta ni binamu wa bwana harusi. Hakuna aliyeomba kuona kazi zake. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Bei waliikandamiza mpaka ikabaki ya aibu. Na kamera yenyewe, kwa maelezo ya waliokaa naye meza moja, bado ilikuwa na nailoni ya dukani kwenye kioo cha nyuma. Sasa nani alimwambia yule mtoto kwamba yuko tayari? Sote tulimwambia, kwa kumpa kazi.

Mjini hapa imeingia imani kwamba anayenunua kamera kanunua na kazi yenyewe. Kijana anakopa kwenye kikoba cha mama yake, anashuka Kariakoo, anarudi na kamera ya mkono wa pili na lenzi yake moja. Jioni ileile anafungua ukurasa Instagram, jina lake na neno "studio" mbele. Wiki ya pili anataja bei ya harusi. Fundi cherehani anakaa mwaka mzima akifumua mishono ya watu kabla hajapewa mkasi akate kitambaa cha mteja. Huyu wa kamera tunamkabidhi siku ambayo familia imeichangia miezi sita.

Aka! Babu wa kahawa hapa ananikatisha. Anasema, mwanangu, hao wa zamani nao walisoma wapi, mbona hatukuwa na vyuo vya picha? Swali zuri, shikamoo yako nakuongezea. Walisoma kwa kukaa na mtu.

Pale Mji Mkongwe, Zanzibar, ipo Capital Art Studio. Ranchhod Oza aliifungua mwaka 1930. Kabla ya hapo alifanya kazi kwenye studio ya watu wengine, ya A. C. Gomes, iliyokuwa na jina kubwa kisiwani tangu karne ya kumi na tisa. Alipotoka kwenda kujitegemea alikuwa keshajua namna ya kumkalisha mteja, keshajua dawa za chumba cha giza, keshajua jinsi ya kumpokea mtu wa heshima na mtu wa kawaida kwa adabu moja. Baadaye mwanawe akaupokea ufundi huo kwake. Leo tukitaka kuiona Zanzibar ya babu zetu, nyuso na mitaa yake, tunakwenda kuangalia picha zao.

Au mchukueni Samuel Fosso, yule wa Bangui. Alifungua studio yake mwaka 1975 akiwa na miaka 13. Mtoto! Lakini kabla ya kufungua alikaa miezi kadhaa kwa jirani aliyekuwa mpiga picha, akajifunza. Halafu angalieni alichofanya baada ya kufungua. Mchana alipiga picha za wateja. Jioni, mkanda ukibaki na nafasi chache ambazo hazijatumika, alijipiga mwenyewe, kwa mavazi na mikao aliyoibuni, na nyingine akampelekea bibi yake Nigeria. Hakuna mteja aliyemtuma wala aliyemlipa. Picha hizohizo za mabaki ya mkanda zilioneshwa Bamako mwaka 1994, na dunia ikamjua kwa hizo. Kijana unayenisikia hapo kwenye bodaboda, lishike hilo, nitalirudia.

Na wa hapahapa tusimsahau. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, akaishika kamera tangu utoto. Mwaka 1963 akaanzisha Camerapix yake hapa Dar, umri miaka 20. Wengi tunamjua kwa picha za njaa ya Ethiopia za 1984, zilizoifanya dunia nzima isimame na kuchanga. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, likamkata mkono wa kushoto. Alirudi kazini na mkono wa bandia! Alikufa 1996, kwenye ile ndege ya Ethiopia iliyotekwa ikaangukia baharini Komoro. Nasema haya kwa sababu kuna kijana aliniambia hapa juzi kwamba kazi ya picha haina mzizi kwetu, ni ya kuiga tu. Si kweli kabisa. Ina mzizi, tena mrefu, na pwani hii ndipo ulipo.

Tuje kwenye mwanga, kwa sababu huko ndiko wengi wanakoumbuka.

Kamera haijui kwamba mbele yake kuna bibi harusi. Inapima mwanga tu, na imetengenezwa iamini kwamba kila kilicho mbele yake, ukikichanganya chote, kinatoa kijivu cha kati. Sasa weka shela jeupe lililojaa picha nzima. Kamera inaona nyeupe nyingi, inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Shela linakuwa la majivu na uso wa binti unazama gizani. Geuza upande wa pili: bwana harusi mweusi, suti nyeusi, pazia jeusi nyuma. Kamera inadhani kuna giza, inaongeza, na uso unapauka kama umepakwa unga. Kijana anayeiachia kamera ijiamulie anapata yote mawili katika harusi moja. Halafu usiku anakaa na kompyuta "kuwang'arisha" watu kwa programu mpaka bibi harusi hafanani na mama yake mzazi. Mfyuuu! Mtoto wa watu ana weusi wake mzuri, wa kung'aa, umemwondolea ili kuficha kwamba hujui kupima mwanga!

Na hili lina historia yake, si bahati mbaya tu. Wakati wa mikanda ya filamu, maabara za kusafisha picha za rangi zilikuwa zikipokea kutoka Kodak kadi ya kulinganishia rangi, yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Kadi hizo ziliitwa kwa jina la "Shirley". Rangi ya ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Ikitoka sawa yeye, mashine iko sawa. Sisi tulitoka tunavyotoka, macho na meno tu. Mtafiti wa Canada, Lorna Roth, amelieleza jambo hili kwa kina: hata malalamiko yaliyowasukuma Kodak kurekebisha filamu zao yalitoka zaidi kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka kahawia zao zionekane tofauti. Chokoleti ilisikilizwa kabla ya watu weusi. Ndiyo maana nakasirika mara mbili nikimwona kijana wetu, mweusi mwenzetu, anapauza watu. Wewe ndiye uliyepaswa kuijua ngozi hii kuliko mtu yeyote duniani.

Na kuijua si uchawi. Jua letu saa saba mchana liko utosini. Linachimba mashimo meusi chini ya nyusi na linaacha madoa meupe kwenye paji la uso na puani. Watoe watu hapo. Wapeleke barazani au chini ya mwembe, wageuzie nyuso kule kwenye uwazi ambako mwanga unaingia kwa ulaini. Ngozi nyeusi inapendeza inapopokea mwanga mpana na kuurudisha; ukuta mweupe wa jirani unatosha, hata shuka jeupe lililonyooshwa na watu wawili linatosha. Pima mwanga wa uso kwanza, shela lifuate. Piga faili ghafi, siyo ile ambayo kamera imeshaibana, ili upate nafasi ya kusawazisha bila kuharibu. Usiku ukumbini, zile taa za zambarau na kijani za mtu wa mapambo zitawageuza wageni maiti. Elekeza flashi yako kwenye dari au ukuta mweupe, mwanga urudi umetulia. Kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka jua linazama, usile, usinywe soda, usishike simu. Huo ndio wakati wako na maharusi. Hayo yote yanafundishika, na yanafanyika kwa lenzi ya milimita 50 ya bei ndogo kabisa. Kijana anayelilia lenzi ya mamilioni hajayajua bado.

Haya. Sasa nawageukia nyinyi wa kamati za harusi, maana mmekaa hapo mnatikisa vichwa kana kwamba hamumo.

Kamati inakaa vikao na vikao. Ukumbi unalipwa kwanza. Mapambo yanalipwa. MC analipwa, tena kwa heshima, na mwenye muziki. Keki ghorofa nne. Vinywaji ndiyo usiseme. Ikifika picha, katibu anafunga daftari na kusema, "Hapo kuna mdogo wangu mmoja ana kamera." Kitu pekee kitakachobaki baada ya shughuli, kinapewa makombo ya bajeti! Na kijana akitaja bei yake mnamwambia, "Kwani kubonyeza tu?"

Tufanye hesabu hapahapa, chukua kijiti uandike mchangani. Tuseme kijana kakubali shilingi 300,000 kwa harusi na sendofu. Ametoka kwake alfajiri kwenda saluni kwa bibi harusi, amerudi saa nane usiku. Hiyo ni bajaji na bodaboda za siku nzima na mizigo. Msaidizi wake anataka chake. Amepiga picha 2,500. Kwa faili ghafi za kamera ya kawaida, huo ni mzigo wa jigabaiti sitini na kitu, na unatakiwa ukae kwenye zaidi ya diski moja. Atakaa siku kadhaa kuchagua na kusawazisha, umeme wake, bando lake la kutuma. Albamu mnataka iwe ya jalada gumu. Halafu kuna gharama ambayo hamuioni: shata ya kamera za bei ya kawaida hukadiriwa kufika kama mibonyezo 100,000, na kwa picha 2,500 kila harusi, ni harusi 40 tu. Baada ya hapo kila ukibonyeza unaomba Mungu. Nani atanunua nyingine? Toa vyote hivyo kwenye laki tatu, uone kinachobaki cha kodi ya chumba na cha kununulia unga.

Ndiyo maana anafanya harusi Jumamosi na kipaimara Jumapili bila kulala. Ndiyo maana ana memori kadi moja anayoizungusha. Sisemi ili kumtoa hatiani, nasema tuone njia aliyopita mpaka kufika pale.

Ila na wewe kijana, bei ya aibu uliikaribisha mwenyewe! Ulipoulizwa ulisema, "Nyinyi mtanipa tu chochote." Mtu wa kazi hasemi hivyo. Anauliza: shughuli ni wapi, inaanza saa ngapi, wageni wangapi, mnataka picha za mnato pekee au na video, albamu au faili? Kisha anataja kiasi na anaandika. Karatasi moja inatosha: tarehe, saa, kazi, bei, nusu ya malipo kabla ya siku, nusu siku ya kukabidhi, na siku ya kukabidhi yenyewe. Aandike pia nani anaruhusiwa kutumia picha zile na wapi. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya picha kama inavyolinda wimbo na kitabu. Wapiga picha wangapi wa mtaa huu wamewahi kuisoma? Mabango ya saluni yamejaa picha za watu walizookota mitandaoni, na aliyezipiga anapita chini yake kila siku akilia njaa.

Halafu nakala. Nakala, nakala, nakala! Wenye kazi yao wana kanuni yao: picha ziwe nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na moja ikae nje ya nyumba unayolala, maana mwizi na moto havichagui. Kamera yenye nafasi ya kadi mbili iandike kwenye zote mbili kwa wakati mmoja. Kadi haifomatiwi mpaka picha zimehesabiwa na kufunguliwa kwenye diski mbili. Ukirudi saa nane usiku umechoka, usilale kabla ya hapo. Laiti yule kijana angefundishwa hilo moja tu, mama yule asingekuwa anabisha hodi milangoni kwa watu.

Kuna jambo jingine ambalo mabinti wa hapa nataka walisikie vizuri. Huku pwani kwetu kuna shughuli za wanawake watupu: bibi harusi anasingwa, anapambwa, akina mama wanavua mabuibui na kucheza kwa raha zao. Mwanamume haingii. Siku hizi hata simu zinakusanywa mlangoni, kwa sababu kuna picha ziliwahi kuvuja na ndoa zikayumba. Shughuli hizo zinahitaji mpiga picha mwanamke anayejua kazi, mwenye kifua cha kutunza siri za watu. Wako wachache mno! Binti mwenye kamera na amana ya kweli, akifanya shughuli mbili bila picha hata moja kuonekana pasipostahili, akina mama watamtafuta Dar mpaka Tanga mpaka Unguja, na bei atataja yeye. Hapo uaminifu unalipa kuliko lenzi. Na tangu mwaka 2022 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo kurusha sura ya mtu mtandaoni bila ridhaa yake si utovu wa adabu pekee, unaweza kushtakiwa.

Mwenzetu wa duka la simu anauliza: sasa mtu akue vipi, aendelee kupiga vipaimara mpaka uzeeni? Hapana. Nilisema nitarudi kwa Fosso. Kijana akishajua kula kwa kazi za watu, atenge muda wa kazi yake mwenyewe. Awapige picha wavuvi wa Feri alfajiri kwa mwaka mzima. Apige mafundi wa vinyago Mwenge, ajue majina yao, awapelekee picha zao. Apige bibi zake wote kabla hawajaondoka. Wateja wakubwa, magazeti, mashirika, hoteli za Zanzibar, kampuni za utalii, hawamtafuti aliyepiga harusi nyingi. Wanamtafuta mwenye jicho linalotambulika, na jicho hilo linajengwa kwenye kazi ambayo hakuna aliyeiagiza. Achague pia njia. Anayepiga harusi, wanyama, mpira, chakula na majengo kwa pamoja, ataitwa kwa bei ya chini kote huko.

Mitandao sitaki kuiongelea sana. Itumie, ila picha kumi nzuri kutoka harusi kumi hazisemi kitu. Mtu yeyote akibonyeza mara elfu atabahatisha moja.

Kwa hiyo wazazi na kamati, nawaomba jambo linalofanyika hata wiki hii. Mtu akija kuomba kazi ya picha, mwambieni alete picha za harusi moja nzima, tangu saluni hadi wageni wanaondoka, mziangalie zote. Muulizeni nakala anaziweka wapi. Mwandikiane. Mlipeni nusu kabla, na bei ya picha iingie kwenye daftari siku ileile ya ukumbi. Na wewe mdogo wangu uliyenunua kamera jana: usichukue harusi ya mtu mwaka huu. Mtafute anayejua, mbebee begi, mshikie taa, lala saa anayolala yeye, na kabla hamjalala mhesabu picha pamoja.